Kistari Mbele ya Tisa

Jumapili, 28 Aprili

Pasaka yetu ya Kiyahudi, siku nane bila mkate wa chachu, ilikwisha jana usiku. Leo nimerudisha vyombo vya kila siku kabatini na nimenunua mkate wa kwanza tangu wiki iliyopita. Daftari hili nimelinunua duka hilohilo. Daktari wa meno anasema ninasaga meno nikiwa usingizini, akaniuliza kama nina mahali pa kuweka hofu zangu. Nilimwambia sina hofu. Akaandika kitu kwenye kadi yangu.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimerudi kazini. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne, upande usio na jua. Sisi hukusanya nambari za shule za alasiri za Kiyahudi: watoto wanaosoma shule za serikali, kisha mara mbili kwa wiki wanakwenda sinagogi kujifunza Kiebrania, sala na Torati. Nambari zinafika zikiwa chafu, nami nazisafisha. Niko kwenye majaribio hadi tarehe 30 Juni. Tangu Oktoba hakuna aliyeniambia nimekosea, wala aliyeniambia nimepatia.

Leo Dokta Rosmarin, mkuu wa utafiti, amenipa jedwali la shule kumi na tisa za Bronx na vitongoji vyake. Kamati ya Baraza, lile linalotuajiri na kuzisaidia shule hizi, itakaa tarehe 3 Juni. Shule yenye watoto chini ya arobaini itaunganishwa na jirani yake. Akasema anataka kazi iwe safi kufikia Jumatatu, akaondoka kabla sijaitikia. Yeye huzungumza kama mtu anayefunga droo.

Anayeketi mbele yangu ni Mzee Gerber, ambaye ana miaka thelathini na moja katika ofisi hii. Ndevu zake zimeanza kuota, maana tumo katika zile siku arobaini na tisa za kuhesabiwa kila jioni, toka Pasaka hadi Sikukuu ya Majuma, na yeye hanyoi. Alinikuta kwenye lifti akaniuliza leo ni ya ngapi. Swali hilo ni mtego wakati wa jioni, kwa sababu ukiitaja nambari umekwisha kuhesabu, na baraka inayotangulia hesabu imekupita. Asubuhi halina madhara, lakini yeye hulitega wakati wowote. Nikajibu kama tunavyofundishwa, "Jana ilikuwa ya nane." Akacheka. Mzee Gerber ndiye mtu pekee ofisini ambaye simwogopi.

Jumanne, 30 Aprili

Nambari, kutwa nzima.

Jumatano, 1 Mei

Bi Fruma Zaltsman amepiga simu. Ni karani wa Shule ya Etz Rimon, huko Pelham Parkway, mwaka wake wa kwanza, ingawa kwa sauti ana umri wa miaka sabini na zaidi. Faili lake amelituma mara tatu, kila mara akiuliza kama limefika. Anazungumza kana kwamba mimi niko ng'ambo ya barabara. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akataka kujua nini. Nilipoteza dakika kumi na nne.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeandika kanuni ya kuisaidia kompyuta: nambari yoyote iliyo chini ya sifuri ifutwe, kwa kuwa hakuna shule yenye watoto pungufu ya kukosa watoto. Dokta Rosmarin aliisoma, akaweka alama ya vema. Visanduku hamsini na viwili vikafutwa kwa mpigo mmoja. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama saa moja hivi.

Etz Rimon imetoka na watoto kumi na mmoja. Mwaka jana walikuwa arobaini na saba. Nimerudia hesabu, ikatoka kumi na mmoja tena. Mtaa ule watu wanahama, wazee wanabaki. Nimeandika pembeni neno moja: mporomoko.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemaliza. Jua linazama saa mbili kasoro na Sabato inaingia, lazima nikimbie.

Jumatatu, 6 Mei

Ripoti imekwenda kwa Kamati, na kila shule imetumiwa barua ya sehemu yake. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba Etz Rimon imebaki na watoto kumi na mmoja na haiwezi kusimama peke yake. Dokta alifuta "haiwezi", akaandika "haionekani kuweza".

Jumatano, 8 Mei

Mvua.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Mama anasema sauti yangu kwenye simu imekuwa kama ya mtu anayesoma barua ya mwanasheria.

Jumanne, 14 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, jinsi ilivyotokea.

Saa nne asubuhi simu ililia. Bi Fruma hakunisalimia.

"Wewe ndiye Tirtza Wolkin?"

Nikasema ndimi.

"Barua yenu inasema tuna watoto kumi na mmoja. Wengine nani kawala?"

Nilimweleza, kwa sauti ile ambayo Mama haipendi, kwamba takwimu zimetoka katika faili alilotuletea yeye mwenyewe. Akasema aliandika watoto wote, darasa kwa darasa, na vyumba vinne vimejaa. Nikamuuliza jumla yao ni wangapi.

"Wako wa kutosha."

"Ninahitaji nambari, Bi Fruma."

"Mwanangu, wewe umelelewa na nani? Watoto wa watu hawanyoshewi kidole ukasema mmoja, wawili, watatu. Mimi nimeandika vile mama yangu alivyokuwa akihesabu. Fungua uangalie."

Nikafungua. Sikufungua jedwali langu, nilifungua faili lake kama lilivyokuja. Darasa la kwanza lilikuwa na kistari na tisa. Darasa la pili, kistari na kumi. La tatu, kistari na nane. Darasa la nne lina kumi na moja bila kistari, kwa kuwa mwalimu wake ni kijana na alijiandikia mwenyewe.

Nilikiangalia kistari kile muda mrefu, naye Bi Fruma akingoja kwenye simu. Bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Wageni wakishaketi mezani, alipita nyuma yao na sahani akinong'ona: si mmoja, si wawili, si watatu. Mtu akihesabiwa waziwazi, husuda inasikia ilipo riziki ya nyumba hiyo. Kwa hiyo tunaikanusha nambari huku tunaitaja. Hata mimi nilihesabu hivyo mpaka nilipoanza shule, ambako mwalimu wa hesabu alinicheka. Bi Fruma ameandika si tisa, si kumi, si nane. Kompyuta ikasoma kutoa tisa, kutoa kumi, kutoa nane. Kompyuta haina bibi. Mimi ninaye, na kanuni niliiandika mimi.

Nilimwambia nitaangalia kisha nitampigia. Akasema yeye haendi popote, yuko palepale, kama wale watoto.

Nikajumlisha kwenye kipande cha karatasi: thelathini na wanane. Nikakikunja, nikakitia ndani ya kiatu changu. Sijui kwa nini kiatuni. Kamati itakaa baada ya siku ishirini. Majaribio yangu yanakwisha baada ya siku arobaini na saba.

Jumatano, 15 Mei

Nilimwambia Mzee Gerber. Alikuwa kwenye jiko la ofisi akila samaki wa siki moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Umemwambia nani mwingine?"

Hakuna, nikasema.

"Basi usimwambie. Kumi na moja haifiki arobaini. Thelathini na nane haifiki arobaini. Aliyezama hapimwi kina, binti."

Alisema kwa upole. Akanikumbusha tarehe 30 Juni, nayo pia kwa upole. Kabla yangu, kiti changu kilikuwa na kijana aliyekosea jina la mfadhili; Mzee alisema sasa kijana huyo anauza mazulia kwa mjomba wake. Nilimshukuru.

Nimekaa jioni yote nikifikiri kuhusu mazulia.

Alhamisi, 16 Mei

Jana sikuhesabu. Sikukumbuka usiku, sikukumbuka asubuhi, na leo mchana umekwisha kupita. Siku moja ikianguka nzima, hesabu imekatika. Ninaendelea, lakini bila baraka. Ndiyo mara yangu ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Saa tano niligonga mlango wa Dokta Rosmarin. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kadi, nikaisoma kadi. Hakunikatiza. Alipouliza, aliuliza mambo matatu tu: niligundua lini, faili zipi, na nani mwingine anajua. Nikasema Mzee Gerber, tangu jana. Alitazama kupitia mlango wa kioo hadi kwenye meza ya Mzee, kisha akarudisha macho.

"Bibi yangu pia alihesabu kwa si," akasema. "Visanduku hamsini na viwili chini ya sifuri, nami nikaweka alama ya vema. Sikuuliza vimetoka wapi."

Hakuwa ananiambia mimi. Tuliketi tukavipitia vyote, kimoja kimoja, hadi saa kumi na moja. Vile vya shule nyingine vilikuwa makosa kweli ya vidole. Alinipa nusu ya tofaa lake bila kuniuliza kama nina njaa.

Nikamuuliza kama niandike thelathini na nane. Akasema hapana, faili zimekwisha kutuangusha mara moja. "Jumapili wanasoma. Nenda ukawaone kwa macho."

Nilipotoka Mzee Gerber hakuinua kichwa.

Jumapili, 19 Mei

Treni namba mbili, kisha dakika tisa kwa miguu. Shule iko chumba cha chini cha sinagogi, na wamekigawa kwa mbao kuwa vyumba vinne, kiasi kwamba alfabeti ya darasa la kwanza inasikika katika Torati ya darasa la nne. Bi Fruma ni mdogo kuliko sauti yake. Funguo zake anazivaa shingoni.

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema watu wa Baraza aliwadhania wanene. Nikamwambia nimekuja kuhesabu. Akasema anajua, na mimi sitahesabu. Akanipa sanduku jipya la penseli hamsini.

"Mpe kila mtoto moja. Zinazobaki ni penseli, hizo zihesabu upendavyo."

Nikazunguka vyumba vyote vinne. Msichana mmoja wa darasa la pili aliniuliza kama natoka serikalini. Nikasema natoka Baraza. Akauliza kama Baraza ni kubwa kuliko serikali, nikasema si kubwa, akaonekana kupoteza hamu. Mvulana mmoja alitaka penseli ya pili kwa ajili ya ndugu yake aliye nyumbani. Bi Fruma akamwambia ndugu aje aichukue mwenyewe. Ilibidi nirudi darasa la tatu mara mbili kwa sababu walikuwa wanabadilishana viti ili kunikoroga. Katika darasa la nne walikuwa wakisoma kwa sauti, polepole, na kila aliyekwama alisubiriwa na wengine.

Zilibaki penseli kumi na nne. Maana yake ni thelathini na sita. Kuna pia mapacha wawili wenye tetekuwanga, na vyeti vyao vya daktari niliviona. Nikaketi katika kiti cha kitoto ofisini kwa Bi Fruma, naye akafunga mlango.

"Wamefika?" akauliza. Arobaini hakuitamka.

"Bado wawili."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Nikamuuliza itakuwaje wakiunganishwa na shule jirani ya Riverdale. Akasema huko ni mabasi mawili, na mama wengi hapa hawana gari, wanatoka kazini saa kumi na mbili.

"Watakwenda sita. Wengine hawatasoma tena, hapa wala huko. Sita. Unaona, sasa umenifanya nihesabu."

Wakati huo mwanamke mmoja akagonga, ana watoto wawili, anataka kuwaandikisha kwa ajili ya Septemba. Wamehamia mtaani mwezi uliopita. Bi Fruma aliandika majina yao kwenye kitabu cha mwaka ujao. Alipomaliza aliniangalia.

Nimerudi kwa treni nikiwa nimeshika penseli kumi na nne. Nilisahau kuziacha.

Jumatatu, 20 Mei

Mzee Gerber alikuja mezani kwangu kabla sijavua koti. Nikamsimulia ya jana.

"Wale wawili wa Septemba wana majina? Wana miguu? Watakuja? Basi waandike. Arobaini, na kila mtu alale usingizi."

Wiki iliyopita alinishauri niache kumi na moja. Leo ananishauri niandike arobaini. Nikaona kwamba nambari yenyewe haimgusi Mzee. Anaitaka ile itakayomaliza maneno upesi. Sidhani ni mtu mbaya. Miaka thelathini na moja ni mingi. Lakini nimegundua kwamba sikuwa namwogopa kwa sababu hajawahi kuniuliza kitu cha maana.

Nilikaa na jedwali wazi hadi saa sita. Nilikifikiria kile chumba cha chini na yale mabasi mawili. Ningeandika arobaini hakuna ambaye angekwenda kuhakikisha, kwa sababu anayetumwa kuhakikisha ni mimi. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, na hofu hiyo haikuwa ya mtu yeyote.

Nikaandika thelathini na nane. Chini yake niliandika maelezo kuhusu kistari, kuhusu kanuni yangu, na kuhusu watoto wawili wa Septemba, kwa maneno yaleyale ya kweli.

Dokta Rosmarin aliisoma akiwa amesimama.

"Ulitaka kuandika arobaini?"

"Ndiyo, Dokta."

"Mimi pia."

Akatia sahihi.

Alhamisi, 23 Mei

Siku ya thelathini na tatu ya hesabu, ambayo kunyoa kunaruhusiwa. Mzee Gerber kanyoa. Ana kidevu kidogo.

Jumatano, 29 Mei

Bi Fruma hajapiga simu wiki nzima. Mara mbili nimenyanyua simu kuangalia kama inafanya kazi.

Jumatatu, 3 Juni

Kamati imekaa. Mimi niliwekwa nje kwenye korido na nakala, nikaitwa ndani kwa muda usiozidi dakika tano. Wajumbe kumi na mmoja. Mmoja aliuliza inakuwaje kistari kimoja kimeze watoto ishirini na saba. Nilifungua mdomo, lakini Dokta Rosmarin akawahi. Akasema kanuni ilipitishwa na yeye, na jina lililo juu ya ripoti ni lake. Wakacheka kidogo, cheko la adabu. Mzee mmoja mwishoni mwa meza hakucheka. Akasema mama yake naye alihesabu hivyo, na kwamba sisi ofisini kwetu tungefaa kuwa na mtu mmoja mwenye mama. Hapo wakacheka zaidi.

Kisha nikatolewa nje. Kura zikawa saba kwa nne. Etz Rimon itaunganishwa na Riverdale kuanzia Septemba. Chini ya arobaini ni chini ya arobaini. Kumbukumbu za kikao zinaipongeza ofisi kwa usahihi wa masahihisho.

Mzee Gerber aliponiona alitaka kusema kitu, nikajua ni kuhusu ile arobaini, naye akanihurumia hakukisema.

Jumanne, 4 Juni

Dokta Rosmarin ameniita. Nimeajiriwa moja kwa moja kuanzia tarehe 1 Julai. Sentensi moja, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu Oktoba. Nilirudi mezani nikachonga penseli mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Bi Fruma amepiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Hakutukana. Akasema sinagogi limekubali chumba cha chini kibaki chao, Baraza liwepo lisiwepo. Wazazi wamekutana, na waliotaka kuendelea ni karibu wote. Walimu watatu wanabaki kwa kujitolea. Yule kijana wa darasa la nne anakwenda Riverdale, hamlaumu, ana mke mjamzito.

"Sasa nambie, Jumatano saa kumi wewe hufanya nini?"

Nikasema huwa niko kazini. Nikaeleza sheria: mtafiti hafundishi katika shule anayoiandikia ripoti. Nikaongeza kwamba Kiebrania changu kinatosha kusoma lakini sijawahi kufundisha. Kisha, sijui kwa nini, nikasema, "Na ninawaogopa watoto, Bi Fruma."

"Vizuri. Nao wanaogopa kusoma mbele za watu. Mtaanzia mahali pamoja."

Nilimwambia nitauliza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeuliza. Nilikuwa na kadi tena, lakini Dokta alinyoosha mkono akaichukua, akaisoma mwenyewe. Kisha akaigeuza kompyuta yake niione. Lilikuwa jedwali la mwaka ujao, shule kumi na nane.

"Safu yao nimeitoa jana," akasema. "Kwa ofisi hii shule hiyo haipo tena. Na mtafiti hawezi kuwa na maslahi katika shule isiyokuwepo."

Akanirudishia kadi. Jumatano nitoke saa tisa, saa zangu nizilipe Alhamisi. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama nimewahi kumsikia mtoto akisoma mstari mzima kwa mara ya kwanza. Nikasema sijawahi. Akasema naye alifundisha zamani, miaka miwili, kabla ya nambari. Haikuwa kama kufunga droo.

Sikukuu inaanza kesho usiku.

Jumanne, 11 Juni

Sikukuu ya Majuma imepita. Tulikula keki ya jibini hadi kutosheka, na Mama alisema nimeongea kuliko kawaida.

Saa tatu na nusu asubuhi nilimpigia Bi Fruma. Nikamwambia nitakuja. Hakushangaa wala hakushukuru. Nilisikia kitabu kikifunguliwa, kile kikubwa cha walimu, na mfuniko wa kalamu ukitolewa. Akataka jina langu, jina la baba yangu, na namna Wolkin inavyoandikwa kwa Kiebrania, kwa herufi moja mwanzoni au kwa mbili. Nikasema mbili. Nilingoja amalize kuandika, kisha nikamuuliza darasa la nne wamefika ukurasa wa ngapi.